Macho Kulia

Kambini,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Baba Ivyne,

Salamu nitaziweka mwishoni kama zitabaki. Kwanza nina hasira na viatu.

Nilikuwa nimesahau kwamba buti la jeshi halijali umri wa mtu. Limenichuna visigino vyote viwili, na sajini anayetufunza ni kijana ambaye mimi nilipokuwa naliacha jeshi, yeye alikuwa bado anatumwa dukani kununua chumvi. Jana tulipopanda kilima na mizigo alinipigia kelele mbele ya kikosi kizima: "Mathe, hiyo redio unaibeba ama inakubeba?" Wote wakaangua kicheko. Nikamjibu, "Inanibeba, Sajini, ndiyo maana nimefika kabla yako." Nikapewa adhabu ya kuzunguka uwanja. Nilizunguka nikichechemea na nikiwa na raha zangu, sitakuficha.

Miaka kumi na mitatu ni mingi, Bramwel. Mikono inakumbuka kila kitu, magoti hayakumbuki chochote. Sisi wa kikosi cha akiba tunajulikana kwa mbali: tukiinama kufunga kamba za viatu, kambi nzima inasikia.

Simu zetu zimekusanywa langoni mpaka siku ya mwisho. Barua ndizo zinazoruhusiwa. Dereva wa lori la chakula huja Nairobi kununua mboga na amekubali kupita dukani kwako Ngara. Mpe majibu yako hapo hapo, usimcheleweshe, nyanya zake zinaoza.

Sasa sikiliza. Ijumaa tarehe nne Aprili tutapiga gwaride la kufunga mafunzo. Kila askari amewekewa viti viwili hemani, vya watu wake, vimebandikwa jina. Baada ya gwaride, kabla hatujaachiwa kuwasalimu jamaa zetu, kila mtu atapita mezani na kuchagua: kurudi nyumbani abaki askari wa akiba, aitwe wiki chache kila mwaka, au atie sahihi miaka miwili mfululizo na apelekwe kaskazini. Mimi nitarudi nyumbani, kama tulivyokubaliana. Ivyne hawezi kuja, shule bado haijafunga. Lakini wewe njoo. Nataka nikipita nikuone umekaa kwenye kiti chenye jina langu.

Jambo moja linanisumbua. Siku ile ulinisindikiza kungali giza, ukabeba begi langu umelifunika kwa pazia, tukakata njia ya nyuma kama watu wanaokimbia kodi. Nilidhani ni baridi. Ilikuwa baridi?

Mkeo,
Koplo Naliaka


Woodley,
Jumapili, 9 Machi 2025

Mama Ivyne,

Barua yako imefika ikinuka vitunguu. Pole kwa visigino.

Huku maji ya mfereji yanakuja siku yanayotaka yenyewe. Gesi iliisha ugali ukiwa nusu, nikala uji. Dukani nina kazi ya mapazia ya ukumbi mzima wa harusi, na bibi harusi amebadilisha rangi tena. Nilimtembelea Ivyne shuleni, akaniuliza kama utarudi na bunduki. Nikamwambia aulize maswali ya hisabati.

Juu ya chakula usiwe na wasiwasi. Akina mama wa kanisa wananitunza vizuri. Juzi Joyline alileta chapati na ndengu ndani ya vyombo vile vyao vya kutunza joto, jana wengine wakaleta kuku. Wanakuombea sana, wewe na mama. Watu wakiniuliza habari zako nawajibu vizuri.

Gwaride tutaona. Ijumaa ni siku ngumu dukani.

Wako,
Bramwel


Kambini,
Jumatano, 12 Machi 2025

Bramwel,

Joyline Kavutha ni mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake, na tangu tuhamie Woodley hajawahi kunipikia. Nilipolazwa na malaria alinitumia ujumbe wa simu wenye picha ya ua. Leo anakuletea wewe chapati. Mume wa askari aliye mafunzoni haletewi kuku, anaulizwa kama amefua.

Na mama yangu anaombewa nini? Mama ana nguvu za kubeba gunia la mahindi na kumtukana aliyelishona vibaya.

Umewajibu nini? Niandikie kwa sentensi moja. Pazia unalipima kwa futi, nipimie na hili.

Naliaka


Misikhu,
Jumatatu, 17 Machi 2025

Mkwe wangu Bramwel,

Hujambo. Mimi sijambo, na hapo ndipo shida ilipo.

Sikupigii simu kwa sababu nitakayosema mama mkwe hawezi kumtamkia mkwe wake masikioni. Yasome peke yako.

Juzi Jumamosi nilikuwa juu ya ngazi nyuma ya nyumba nikiziba bati linalovuja. Likaingia gari limejaa wanawake wa kanisa lako. Wanatoka Nairobi, wamekwenda harusi Bungoma, wakaona wapitie kwangu. Walishuka wamevaa leso za sare, wakiimba wimbo wa kuwafariji walio taabuni, polepole, wengine wakipangusa macho. Wakaniuliza mgonjwa yuko chumba gani. Nikauliza mgonjwa yupi. Mkubwa wao akasema, "Mama Everlyn, yule aliyepooza." Nikawaambia, "Everlyn ni mimi, shikeni ngazi nishuke."

Wimbo ulikatika hapo hapo.

Walikuwa wamenibebea unga wa uji, chupa ya mpira ya maji moto, na katoni nzima ya nepi za watu wazima. Majirani wote walikuwa wameshajaa uani. Mkubwa wao akaniambia kwa huruma, "Bramwel alitueleza hali yako." Mkwe wangu, waliniwekea katoni ile miguuni, jina lako na nepi zangu vikisemwa kwa pumzi moja mbele ya watu wa Misikhu.

Tangu umchukue Naliaka, mimi na wewe hatujashikana mikono. Nikija Woodley nikiingia sebuleni wewe unatoka, chakula changu unakiacha mezani ndipo nikae. Hujawahi kuniona nimelala wala nimevua kitambaa. Hivyo ndivyo wakwe wanavyoishi kwetu Bukusu na wewe umefunzwa hivyo kwenu. Nilikuwa nikijisifu juu yako. Leo watu wanakwenda kisimani wakisema mkwe wa Everlyn anajua mama mkwe wake anavaa nini.

Unajua kinacholetwa heshima ikivunjwa namna hii. Blanketi. Litaletwa hapa langoni kwangu, mikononi mwa mtu mwingine, si mikononi mwako. Mpaka nilipokee, usisimame mahali niliposimama. Si harusini, si matangani, si kanisani, popote. Ukiniona, pita upande wa pili.

Na kama ulitaka binti yangu afichwe, umekosea mtu wa kumfichia. Walipouliza Naliaka yuko wapi kama haniuguzi, niliwaambia yuko jeshini, na nilisema kwa sauti ya kufika barabarani.

Ni mimi, mzima,
Everlyn


Kambini,
Jumapili, 23 Machi 2025

Bramwel,

Kwa hiyo mimi niko Misikhu nampaka mama mafuta mgongoni. Asante kwa kunijulisha.

Mama ameniandikia ya ngazi na ya katoni. Yale aliyokuandikia wewe hakuniambia, na sitaki kuyajua, hayo ni ya mkwe na mama mkwe. Yangu ni haya: ulimpoozesha mama yangu mzima ili mtu asijue mkeo amevaa sare.

Niliisoma ile barua nikiwa nimekaa juu ya kitanda cha chuma, nikacheka, halafu nikalia kwa hasira mpaka msichana wa kitanda cha jirani akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, kuna aliyepoozeshwa.

Mimi ni aibu ya aina gani? Niambie. Tulipokutana pale Jamhuri siku ya maonyesho, mimi nikiwa kwenye banda la jeshi nawaonyesha watu redio, wewe ulirudi mara tatu kuuliza swali lile lile. Sare hii hii ndiyo uliyoifuata. Uliponiomba niache jeshi kwa sababu Ivyne alikuwa mdogo, niliacha. Sikununa, sikukukumbusha. Nimekaa miaka yote hii nikishona pindo za mapazia yako, na nilizishona vizuri. Waliponiita kwamba kikosi cha akiba kinahitaji watu wa redio, nilikuja kwako kwanza. Ulikaa mezani pale, ukaniambia, "Nenda, mama." Ulisema kwa mdomo wako. Kumbe begi umelifunika pazia!

Najua mtaani siku hizi sare inanyamaziwa. Tangu yale maandamano ya mwaka jana, jeshi lilipoletwa barabarani, mtu wa jeshi akiingia dukani watu wanapunguza sauti. Basi ungeniambia. Ningekuelewa, au tungegombana, lakini tungegombana wawili.

Sasa fanya hivi. Jumapili ijayo, kanisani, wakati wa matangazo, simama. Sema mama mkwe wangu ni mzima, nilidanganya, mke wangu ni askari wa akiba. Wewe mwenyewe, kwa sauti yako, si kupitia kwa mchungaji. Halafu Ijumaa uje gwarideni ukalie kiti.

Usipokuja, nitajua huna haja ya mtu wa sare nyumbani, na mezani nitachagua kaskazini. Sikutishi. Nakuarifu mapema ili usije ukasema sikukuambia.

Koplo Naliaka


Ngara, dukani,
Jumatano, 26 Machi 2025

Mama Ivyne,

Dereva anapiga honi nje, kwa hiyo nitaandika haraka, na ni afadhali, maana nikiandika polepole nitaandika mabaya zaidi.

Unaniamuru kama kuruta. Mimi si kuruta. Nilikwenda usajili wa jeshi mara mbili wakaniangalia nyayo zangu bapa wakanirudisha, unajua, dunia nzima inajua. Gerishon wa duka la vitasa hapa jirani, tangu ulipokuwa jeshini mpaka leo, huniuliza kila asubuhi, "Leo ni zamu yako kufua sare ama ya mzee wa nyumba?" Nacheka. Miaka yote hiyo nimecheka. Sijawahi kuona kichekesho.

Na uongo wenyewe haukuwa mkubwa nilipoutoa. Joyline alinikuta getini akauliza mbona huonekani. Nikasema umeenda kumwangalia mama, hajisikii vizuri. Basi. Kiharusi walikileta wao. Jumatano kilikuwa kichwa, Ijumaa kikawa mguu, kufika Jumapili mama amepooza upande mzima na watu wameshapiga magoti. Ungekuwa wewe ungewainua kutoka magotini uwaambie nini? Nepi sikuzitaja mimi, naapa mbele ya Mungu. Nilisema tu "hali si nzuri" wakamalizia wenyewe.

Lakini umeuliza aibu. Haya, nitakuambia, kwa kuwa umetaka ugomvi wa watu wawili.

Uliporudi kutoka mpakani mara ile ya mwisho, ulikuwa unakula umesimama. Sebuleni hukai ila umeelekea mlango. Ivyne alipoangusha sahani jikoni ulimrukia ukamlaza sakafuni ukamfunika kwa mwili wako, mtoto wa miaka mitatu, akapiga mayowe hadi jirani akaja. Jeshi halikuwepo siku hiyo. Sajini hakuwepo. Nilikuwepo mimi na nyayo zangu. Nilikusubiri urudi, na wewe uko hapo hapo ndani ya nyumba, karibu mwaka mzima. Ulirudi pole pole. Nilikuwa naanza kusahau. Halafu simu moja tu inapigwa, na wewe unaanza kukimbia asubuhi kuzunguka Woodley ukiimba!

Hukuniuliza mezani. Uliniambia. Begi lilikuwa limeshafungwa liko mlangoni. Ulitaka niseme nini kwa begi?

Nilificha kwa sababu naogopa, Naliaka. Nikisema kwa watu kwamba umerudi jeshini, basi umerudi kweli. Nikisema uko kwa mama, utarudi Jumapili.

Sitasimama kanisani nichekwe. Na siji gwarideni kukipigia makofi kitu kinachoninyang'anya mke. Chagua unachotaka, wewe ndiye mwenye cheo.

Bramwel


Kambini,
Ijumaa, 28 Machi 2025

Mama,

Barua hii nimempa dereva aiweke kwenye basi la usiku, utaitiwa stendi.

Bramwel amesema hatakuja gwaride langu wiki ijayo. Njoo wewe. Panda basi Alhamisi jioni, asubuhi dereva wetu atakupokea mjini. Kuna viti viwili vina jina langu, na sitaki vyote vikae vitupu mbele ya wake za watu.

Usiniulize ya Bramwel tukionana. Nikimtaja nitalia, na nitakuwa nimevaa sare.

Binti yako,
Naliaka


UMOJA WA WANAWAKE
Woodley, Jumatatu, 31 Machi 2025

Kwa Ndugu Bramwel Makokha,

KUH: MGONJWA ALIYEOMBEWA AKIWA MZIMA

Tunakusalimu katika jina la Bwana, ingawa kwa shida.

Kamati imekaa jana baada ya ibada na kujadili maneno uliyoyasema ukiwa umesimama wakati wa matangazo. Tumekiri kwamba ulisimama mwenyewe bila kuitwa, na kwamba waliocheka walinyamazishwa. Hata hivyo imeamuliwa kama ifuatavyo.

Kwamba Umoja ulifunga kula kwa ajili ya mama yako mkwe, na baadhi yetu tuna vidonda vya tumbo. Mfungo hauwezi kurudishwa, kwa hiyo utaelekezwa kwa mtu mwingine mwenye kupooza kweli.

Kwamba vyombo vyetu vya kutunza joto viko jikoni kwako. Virudishwe vikiwa vimeoshwa, pamoja na vifuniko.

Kwamba katoni ya nepi ilirudishwa nasi kutoka Misikhu, kwa kuwa mama alikataa ibaki kwenye ardhi yake. Iko vestri, chumba cha mchungaji cha kuvalia. Mchungaji ameomba ije ichukuliwe.

Kwamba baada ya hapo suala hili lifungwe.

Nikimaliza kama mwenyekiti, naongea sasa kama Joyline. Nilikuwa nimekuja kanisani nimejiandaa kukuchukia mwezi mzima. Uliposema ulidanganya kwa sababu unaogopa mkeo asirudi, nilitafuta leso yangu. Mume wangu aliajiriwa ulinzi ng'ambo, nami huwa nasema yuko Mombasa. Umesema Ijumaa utakwenda gwarideni. Nenda. Vaa suti.

Lakini vyombo nataka kabla ya Ijumaa.

Joyline Kavutha
Mwenyekiti


Woodley,
Jumamosi, 5 Aprili 2025

Naliaka,

Nimemuuliza dereva akaniambia hupo tena kambini, lakini atajua pa kuituma barua hii. Simu yako haipatikani. Nimejaribu mpaka mashine imechoka kuniambia.

Nilikuwepo.

Nilivaa suti ya harusi yetu, imenibana kifuani. Sikukuandikia kwamba nakuja. Nilitaka unione tu, baada ya yale niliyokuandikia. Nilifika hema halijajaa, nikatafuta jina lako, nikaliona mstari wa pili. Kiti kimoja kina mtu. Ni mama.

Hukuniambia umemwalika. Hukuniambia! Na wewe hujui alichoniandikia, kwa hiyo nitakuambia: mpaka apokee blanketi langoni kwake, nisisimame mahali aliposimama. Popote, alisema. Blanketi nimeshanunua, zito, la rangi ya maziwa, liko dukani. Gerishon atalipeleka akienda kwao Pasaka. Kwa hiyo jana lilikuwa bado halijafika, na mimi nimesimama mlangoni mwa hema nikiangalia mgongo wa mama yako na mkoba wake umekaa juu ya kiti changu.

Ungefanya nini? Niingie, nikae bega kwa bega na mama mkwe niliyemvunjia heshima, mbele ya jeshi zima? Hata wewe ungenitazama kwa jicho baya. Nikapita upande wa pili, kama alivyoagiza. Nikazunguka uwanja mzima nikasimama ng'ambo, nyuma ya lori la maji.

Nilikuona. Mstari wa tatu, mwisho. Magoti yako yalikuwa sawa, yalikuwa sawa kuliko ya hao watoto. Nikapiga makofi peke yangu kule nyuma, dereva wa lori akatoa kichwa dirishani: "Buda, unamshangilia nani huku?" Nikamwambia, "Yule ni bibi yangu." Nikamwambia kwa sauti, Naliaka. Nikamwonyesha kwa kidole.

Halafu mkapotelea nyuma ya majengo, na ulipotoka mama akakushika mkono, hakukuachia. Nikingoja akae, hakai. Nikingoja aende kunywa chai, haendi. Nilipunga mkono nikiwa ng'ambo mpaka bega likauma. Ulikuwa umenipa mgongo. Lori likaja, ukapanda, nikadhani mnapelekwa kurudisha vifaa. Askari wa lango ndiye aliyeniambia, "Hao ni wale wa kaskazini, wamesaini."

Nilisimama kanisani. Walinicheka. Nikaja. Na wewe ukatia sahihi miaka miwili bila kuangalia nyuma hata mara moja.

Bramwel


Kaskazini,
Jumamosi, 12 Aprili 2025

Bramwel,

Huku mtandao uko juu ya kilima kimoja, na kilima si chetu. Barua yako imenifikia jana pamoja na mbegu za kabichi za mpishi.

Nimeisoma nikatoka nje nikapiga teke debe la maji. Nimepewa adhabu. Haidhuru.

Unasema sikuangalia nyuma. Bramwel, mtu akiwa gwarideni hatazami anapotaka. Tulipofika mbele ya hema iliamriwa macho kulia. Shingo zote zikageuka kulia, yangu ikiwemo. Nikaona mstari wa pili, nikamwona mama, nikaona mkoba kwenye kiti chako. Wewe ulikuwa kushoto. Upande pekee ambao siku ile nzima sikuruhusiwa kuutazama.

Mpaka hapo nilikuwa sijaamua. Barua yako ya Ngara nilikuwa nimeisoma mpaka imechanika mkunjo. Ile ya sahani ya Ivyne. Sikujua kwamba ulikuwa unanisubiri wakati ule. Nilidhani hukuona, kwa sababu hukusema, ulikuwa tu unaniwekea kiti changu kielekee mlango. Nilikuwa nimesema moyoni, akija, hata akija amenuna, narudi nyumbani naye jioni hii, tutagombana vizuri njia nzima. Nikapiga hatua zile zote nikiwa nimeshikilia hilo. Halafu nikaona mkoba.

Kutoka hema mpaka mezani ni karibu sana. Hasira haikupata muda wa kupoa. Aliyekuwa mbele yangu alichagua nyumbani, nikachukua kalamu ile ile ikiwa bado na joto la mkono wake.

Nimekwenda kwa ofisa hapa nikamwomba aniondoe. Alinisikiliza mpaka mwisho, hata ya nepi, akageukia dirishani mabega yakimtikisika. Halafu akaniambia, "Koplo, sahihi ni yako." Ni yangu.

Nilipofika tu huku nilimwandikia mama nikamuuliza kama alikuona, kwa sababu moyo ulikataa kuamini kwamba hukuja. Jibu lake limekuja na barua yako siku moja. Anasema: "Nilimwona tangu asubuhi, nyuma ya gari la maji, amesimama wima na suti. Nilifurahi sana kwamba bado ananiheshimu. Na wewe ulisema nisikuulize ya Bramwel, kwa hiyo sikukuuliza." Nilimkasirikia mama yangu mzazi mpaka nikaogopa. Alinishika mkono muda wote ule akiwa na furaha, akijua uko pale, akidhani na mimi najua.

Nakukasirikia wewe kwa kutoniandikia kwamba unakuja. Neno moja ungempa dereva. Nimejikasirikia mimi kwa kumwita mama bila kukuambia. Nimewakasirikia Joyline na nepi zake. Na nimekasirika kwamba yule wa lori la maji amesikia ukisema "yule ni bibi yangu", na mimi sijawahi kuisikia.

Pasaka ni wiki ijayo. Simama juu ya kichwa cha Gerishon mpaka blanketi lipande basi. Asilisahau, asilitumie njiani, alikabidhi langoni. Mwambie Ivyne mimi mwenyewe nitamweleza, usimtume kwenye hisabati.

Likizo yangu ya kwanza ni Desemba. Nitashukia mjini, mchana, nimevaa sare, na tutapita njia ya mbele mpaka Woodley. Mama nitamwalika, na safari hii nakuambia mapema. Sitaki msalimiane kama hamtaki. Simameni tu upande mmoja.

Katika barua ya kwanza nilisema salamu nitaziweka mwishoni kama zitabaki. Zimebaki. Zote ni zako, na bado nimekasirika.

Mkeo,
Koplo Naliaka